Kuchagua Yungiyungi Refu Linalonukia: Ulinganisho wa Makundi ya Kupandwa Bustanini

Anayetafuta yungiyungi refu lenye harufu nzuri hukutana na majina mengi kuliko alivyotarajia, na picha za wauzaji hazimsaidii sana, kwa kuwa karibu kila picha inaonyesha ua lililo katika siku yake bora. Swali la kuuliza kwanza si ua lipi linapendeza, maana yote yanapendeza, bali ni lipi litakaloendelea kuchipua mwaka hadi mwaka katika udongo na hali ya hewa uliyo nayo. Mayungiyungi ninayoyalinganisha hapa ni ya jenasi Lilium, yanayoota nchi kavu kutoka katika tunguu lenye magamba, nayo yamegawanyika katika makundi yenye tabia zinazotofautiana mno. Mtu akilijua kundi, amekwisha kujua sehemu kubwa ya anachohitaji kujua kuhusu ua lenyewe.

Kundi moja tuliondoe mapema. Machotara ya Asia, ambayo huuzwa kwa wingi kwa sababu ni mepesi kukuza, yana rangi kali za manjano, machungwa na nyekundu, lakini kwa kawaida hayanukii kabisa. Anayetaka harufu asishawishiwe na rangi. Yanabaki makundi matatu yanayostahili kupimwa kwa makini, ambayo ni machotara ya Mashariki, mayungiyungi ya tarumbeta, na machotara yaliyopatikana kwa kuyachanganya hayo mawili, yanayojulikana kwa jina la Orienpet au kwa herufi OT. Pembeni yake zipo spishi chache za asili ambazo katika mazingira fulani huyashinda yote matatu.

Machotara ya Mashariki: uzuri wenye masharti

Wazazi wa kundi hili ni spishi za Japani, hasa Lilium auratum na Lilium speciosum. Auratum, lenye petali pana nyeupe zilizopigwa mstari wa dhahabu katikati na kutapakaa madoa mekundu, huota lenyewe katika udongo wa majivu ya volkano, ambao ni mwepesi, una tindikali na hautuamishi maji. Habari hiyo moja inaeleza karibu kila kinachowapata watu wanaopanda machotara ya Mashariki. Yanataka udongo wenye pH (kipimo cha tindikali) ya 5.5 hadi 6.5, na yakipandwa kwenye udongo wenye chokaa nyingi, majani ya juu hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa sababu mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Mwaka wa kwanza huenda usione tatizo lolote, kwa kuwa tunguu lililonunuliwa limekuja na akiba yake pamoja na ua lililokwisha kuumbwa ndani. Mwaka wa pili shina hufupika, mwaka wa tatu hutoa majani bila matumba, na baada ya hapo hakuna kinachochipua.

Pale udongo unapokubali, hata hivyo, malipo yake ni makubwa. Aina ya 'Stargazer', iliyozalishwa na Leslie Woodriff huko California na kuenea tangu miaka ya 1970, ina maua ya waridi iliyoiva yenye ukingo mweupe, tena yanatazama juu badala ya kuinama, jambo lililoifanya ipendwe sana na wauzaji wa maua ya kukatwa. 'Casa Blanca' ni nyeupe tupu, na ua lake moja linaweza kupita upana wa sentimita 20. Harufu ya kundi hili ni tamu na nzito, yenye ukali wa karafuu ndani yake, na ua moja tu linatosha kujaza chumba kizima, kiasi kwamba baadhi ya watu huumwa kichwa wakilala karibu nalo.

Kwa upande wa kimo, lakini, machotara ya Mashariki hayaongozi. 'Stargazer' kwa kawaida haizidi sana sentimita 90, na 'Casa Blanca' huishia karibu na sentimita 120. Anayeyataka kwa ajili ya safu ya nyuma ya tuta la maua atajikuta yamefunikwa na mimea iliyo mbele. Mahali pake pazuri zaidi, kwa maoni yangu, ni chunguni, ambako mkulima anaweza kutengeneza mwenyewe mchanganyiko wenye tindikali, akasogeza chungu karibu na kibaraza maua yanapofunguka, kisha akakirudisha pembeni yakiisha.

Mayungiyungi ya tarumbeta: harufu ya jioni

Hapa tunaingia katika kundi ambalo mimi binafsi nalipa heshima ya kwanza. Ua lake ni refu na lina umbo la tarumbeta, linatazama pembeni au kuinama kidogo, na harufu yake huongezeka jua linapozama, kwa kuwa katika makazi yake ya asili linategemea nondo wanaoruka usiku kulichavusha. Tofauti hii na kundi la Mashariki ina maana kubwa kwa mtu anayeshinda kazini mchana na kuiona bustani yake jioni tu. Tarumbeta linalonukia kwa wastani saa sita mchana litamfikia akiwa hatua kadhaa mbali ifikapo magharibi.

Mfalme wa kundi ni Lilium regale, spishi ya asili ya bonde la mto Min katika jimbo la Sichuan, China. Liliingia katika bustani za nchi za Magharibi kupitia kwa mkusanyaji mimea Mwingereza, Ernest Henry Wilson, ambaye alilikuta mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1910 alirudi katika bonde hilo kuchimbua matunguu kwa maelfu, na njiani maporomoko ya mawe yakamvunja mguu, akabaki akichechemea maisha yake yote. Bonde hilo ni kavu, lina kiangazi cha joto kali na majira ya baridi makali, na miteremko yake ni ya mawe. Mmea uliozoea mahali kama hapo haushangazi kuwa mvumilivu bustanini. Unastahimili udongo wenye chokaa na ule usio nayo, mradi maji yasisimame, na hufikia sentimita 90 hadi 150, wakati mwingine hata 180. Maua yake ni meupe kwa ndani yenye koo la manjano, na kwa nje yamepakwa rangi ya zambarau iliyochanganyika na waridi, kwa hiyo tumba huwa na uzuri wake hata kabla halijafunguka.

Machotara ya tarumbeta yaliyofuata yaliongezewa damu ya Lilium henryi, yungiyungi la rangi ya machungwa lisilo na harufu ya maana lakini lenye nguvu za ajabu, ambalo pia linatoka katikati ya China na linapenda chokaa. Mfaransa E. Debras wa mji wa Orléans ndiye aliyefaulu kuliunganisha na tarumbeta katika miaka ya 1920, na ndiyo sababu machotara hayo huitwa Aurelian, kutokana na jina la kale la mji huo. 'African Queen' yenye rangi ya machungwa iliyopauka, 'Pink Perfection' ya zambarau na waridi, na 'Golden Splendor' ya manjano ni majina yanayopatikana hadi leo, na yote hupita sentimita 120 bila shida, mara nyingi yakakaribia 180.

Udhaifu wa tarumbeta upo katika mambo mawili. La kwanza ni shina, ambalo huelekea upande wa jua na, likiisha kubebeshwa maua 10 au 15 mazito, huinama hadi kuanguka mvua inaponyesha. Lazima liegemezwe. La pili ni kuchipua mapema, hasa kwa regale, ambalo machipukizi yake hutokeza wakati sakitu, yaani umande ulioganda, bado inaweza kushuka usiku. Hatari hiyo si ndogo, kwa maana kila shina la yungiyungi lina ncha moja tu inayobeba majani na maua yote ya mwaka. Ncha ikiungua kwa baridi, ikitafunwa na konokono au ikikanyagwa, tunguu halitoi nyingine hadi mwaka unaofuata.

OT: kimo kuliko yote

Kwa miaka mingi wazalishaji walijaribu kuunganisha kundi la Mashariki na lile la tarumbeta, lakini kiini cha mbegu kilikuwa kikifa kabla hakijakomaa. Mafanikio ya mapema yalikuwa 'Black Beauty', iliyopatikana na Leslie Woodriff mwaka 1957 kwa kuchanganya speciosum na henryi. Maua yake mekundu yaliyokolea yamejikunja kwa nyuma, na shina moja lililokomaa hubeba makumi ya maua, ingawa harufu yake ni hafifu ukiilinganisha na wengine wa hapa. Baadaye mbinu ya kukitoa kiini kichanga na kukilea maabara katika chupa ilifungua mlango, na machotara ya OT yakaanza kutoka kwa wingi.

Yamerithi upana wa ua na harufu kutoka Mashariki, na kutoka tarumbeta yamerithi kimo, uvumilivu wa udongo na ustahimilivu wa joto. Mengi yana seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, badala ya mbili, hivyo hayazai mbegu, lakini nguvu yake ya kukua ni kubwa mno. 'Conca d'Or' ni ya manjano ya limau yenye ukingo mweupe, 'Robina' ni ya waridi iliyokolea, na 'Silk Road' ni nyeupe yenye koo jekundu. Mwaka wa kwanza huenda zikasimama kwenye sentimita 90 tu, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamedanganywa. Mwaka wa tatu shina huwa nene na gumu, likafikia sentimita 180 au hata mita 2 na zaidi, tena mara nyingi bila kuhitaji egemeo mahali pasipo na upepo mkali.

Ukiyaweka makundi haya matatu bega kwa bega, basi, kwa kimo OT inashinda, tarumbeta inafuata, Mashariki inabaki nyuma. Kwa ukubwa wa ua na wingi wa harufu ndani ya nyumba, Mashariki ndiyo kinara. Kwa harufu inayosafiri bustanini jioni, tarumbeta halina mpinzani, na OT huangukia katikati, kwani yapo yanayonukia sana na yapo yanayonukia kidogo, hivyo ni vyema kusoma maelezo ya kila aina badala ya kuliamini kundi zima. Kwa kuvumilia udongo usio kamili, OT na regale ziko mbele kwa mbali. Kwa bei ya kuanzia na urahisi wa kuzalisha, regale linashinda yote, kwa sababu mbegu zake huota upesi na huweza kutoa ua katika mwaka wa pili au wa tatu, ilhali machotara kwa kawaida huzalishwa kwa magamba au kwa vitoto vya tunguu.

Pasipo na majira ya baridi

Makundi yote matatu niliyoyataja yanahitaji kipindi cha baridi, kiasi cha wiki 6 hadi 8 chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au karibu na hapo, ndipo yachipue kwa nguvu mwaka unaofuata. Tunguu lililonunuliwa limekwisha kupozwa ghalani, kwa hiyo litachanua mara moja hata mahali penye joto mwaka mzima, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba limezoea. Anayeng'ang'ania kuyakuza mahali hapo itambidi ayachimbue shina likishakauka, ayafunge katika makapi ya nazi yaliyo na unyevu kidogo, na kuyaweka kwenye jokofu kwa wiki hizo, mbali na matunda yanayoiva, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka katika matunda huharibu ua changa lililo ndani ya tunguu. Inawezekana, lakini ni kazi ya kila mwaka.

Kuna njia iliyonyooka zaidi. Lilium longiflorum, la visiwa vya Ryukyu na Taiwan, na Lilium formosanum, la Taiwan, ni matarumbeta meupe yaliyozoea hali ya vuguvugu. La kwanza ni fupi, kati ya sentimita 60 na 100, lenye harufu safi na tulivu. La pili ndilo linalohusika hasa na mada yetu, kwa sababu linaweza kufikia karibu mita 2, maua yake membamba yana michirizi ya zambarau kwa nje na hunukia usiku, na kinachoshangaza zaidi ni kwamba likipandwa kwa mbegu linaweza kuchanua kabla ya kutimiza mwaka. Lakini wepesi huo una gharama yake. Kila tunda lililokomaa hutoa mbegu nyingi bapa zinazopeperushwa na upepo, na katika Afrika Kusini na sehemu za Australia limeenea porini na kuhesabiwa kuwa mmea vamizi. Anayelipanda mahali penye joto akate matunda ya mbegu kabla hayajapasuka, na kwanza aulize kama sheria za mahali pake zinaruhusu.

Lipo pia Lilium candidum, yungiyungi jeupe la kale la nchi za mashariki mwa Mediterania, ambalo watu wa Krete walilichora kutani tangu zama za Waminoa, ustaarabu wa kale wa kisiwa hicho. Hufikia sentimita 100 hadi 180, linapenda chokaa na kiangazi kikavu, na harufu yake ni tamu bila uzito wa kuchosha. Linafaa hasa pale ambapo machotara ya Mashariki yanakufa, yaani kwenye udongo wa chokaa unaokauka wakati wa joto. Kasoro yake ni kwamba huugua kirahisi ukungu wa majani.

Upandaji unavyotofautiana

Tunguu la yungiyungi halina ganda la nje la kulilinda, na kamwe halilali usingizi kamili. Makundi yote matatu makuu, pamoja na spishi za Asia nilizozitaja, hutoa mizizi ya aina mbili, mmoja chini ya tunguu na mwingine kwenye shina, juu ya tunguu lakini chini ya ardhi, na mizizi hii ya pili ndiyo inayolisha maua kwa sehemu kubwa na kuliimarisha shina refu. Kwa sababu hiyo hupandwa kwa kina, udongo wa juu ukiwa sentimita 15 hadi 20, tunguu moja na jingine yakiachana kwa sentimita 30 hivi. Candidum peke yake ndilo lililo kinyume. Halina mizizi ya shina, hufunikwa kwa sentimita 2 au 3 tu, na hutoa duara la majani mapema kabla ya majira ya baridi. Mtu anayelizika kwa kina cha mengine hungoja bure.

Egemeo la tarumbeta lichomekwe siku ile ile ya kupanda, kwani fito inayosukumwa ardhini miezi mitatu baadaye inaweza kulitoboa tunguu na kufungua njia ya kuoza. Udongo mzito ulegezwe kwa kokoto ndogo au upandwe kwenye tuta lililoinuliwa. Samadi mbichi isikaribie tunguu kamwe. Matandazo ya majani yaliyooza huweka mizizi katika ubaridi wakati vichwa viko juani, na mpangilio huo unayapendeza makundi yote bila ubaguzi. Maua yakinyauka, kata vichwa vyake tu, uache shina na majani hadi yageuke manjano yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayojaza tunguu kwa mwaka ujao.

Kwa magonjwa, auratum na baadhi ya machotara ya Mashariki ndiyo dhaifu zaidi mbele ya virusi vinavyoenezwa na vidukari. Dalili zake ni michirizi iliyopauka kwenye majani na maua yaliyojipinda, na hakuna dawa zaidi ya kung'oa na kuteketeza. Yungiyungi la madoa la rangi ya machungwa, Lilium lancifolium, huweza kubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili yoyote, hivyo lisipandwe jirani na mengine. Regale lililooteshwa kwa mbegu huanza maisha likiwa safi, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipendelea. Mbawakavu mwekundu, Lilioceris lilii, hula makundi yote, lakini OT zilizokomaa, kwa wingi wa majani yake, hustahimili mashambulizi ambayo yangemaliza chotara fupi.

Jambo moja halina ulinganisho. Kila sehemu ya kila yungiyungi nililolitaja, pamoja na chavua na maji ya chombo cha maua, ni sumu kwa paka na huua figo zake, hata kiasi kidogo anachokiramba kutoka kwenye manyoya yake. Nyumba yenye paka ichague ua jingine. Wasio na paka wanaokata maua kwa ajili ya ndani wayachunguze asubuhi yanapofunguka. Vichwa vya stameni, yaani vijiti vya kiume vya ua vinavyobeba chavua, huwa bado vimefumba, vina unyevu na ni laini, vikichomolewa kwa vidole wakati huo haviachi alama, lakini saa chache baadaye hupasuka na kumwaga unga wa kahawia unaotia doa lisilotoka kwenye kitambaa.

Kwa anayeanza, mwenye majira ya baridi na udongo wa kawaida, ningemwelekeza kwanza kwa regale, kisha aongeze OT mbili au tatu nyuma yake. Regale huchanua mapema, OT hufuata, na machotara ya Mashariki katika vyungu hufunga msimu, hivyo harufu hudumu kwa miezi badala ya wiki mbili. Mwenye udongo wa chokaa ayaache ya Mashariki kabisa isipokuwa chunguni. Asiye na baridi achague formosanum kwa tahadhari niliyoitaja.

Wakati wa kununua, matunguu hupangwa madaraja kwa sentimita za mzunguko wake, na lenye mzunguko wa 18 hadi 20 litatoa maua mengi kuliko la 14, kwa hiyo bei ya chini isikuvutie kabla hujauliza kipimo. Libonyeze. Linatakiwa liwe gumu na zito, magamba yamebanana, na chini yake iwepo mizizi minene iliyo hai, si kitako kilichonyolewa au kilichooza na kuwa na rangi ya kahawia. Gamba moja au mawili yaliyovunjika hayana madhara, na unaweza kuyatia katika mfuko wenye mchanga wenye unyevu, mahali pa vuguvugu, hadi yaote vitoto kwenye kitako chake baada ya wiki kadhaa. Tunguu lenyewe lipandwe siku ile ile lilipofika, na kama tuta halijawa tayari, liwekwe chunguni kwa muda badala ya kuachwa likauke mezani.